Upepo Upo, Boti Haitembei: Utatuzi wa Matatizo ya Mbio za Asubuhi za Kipupwe

Watu hudhani kuanzia Juni hadi Agosti pwani yetu ni kusi tu. Kusi ipo, ila huchelewa kuamka. Asubuhi za kipupwe, nchi kavu ikiwa imepoa usiku kucha, kinachovuma ni umande: kijiupepo cha kutoka bara kwenda baharini, mara nyingi hakifiki noti 6 (maili za baharini kwa saa), na ikifika saa tatu kimeshaanza kuzimika. Kusi yenyewe huja saa nne, saa tano, siku nyingine hata adhuhuri. Klabu ikipanga mbio zianze saa mbili na nusu, basi karibu zote zinaangukia kwenye pengo hilo.

Mimi kazi yangu ni kufunga na kukarabati boti za matanga kwenye Ghuba ya Msasani, Dar es Salaam. Msimu huu wa upepo mwembamba ndipo ninapoletewa boti nyingi ambazo hazina ugonjwa. Mtu anashuka kajikunja uso, "Fundi, hebu iangalie hii, ina kitu." Naigeuza, naipapasa, naigonga, sioni kitu. Ndiyo maana hapa chini kila tatizo naanzia mikononi mwa nahodha, kisha kamba na tanga, na mwili wa boti unakuja mwisho. Mifano mingi ni ya Laser, boti ya mtu mmoja ya mita 4.23 ambayo tangu 2019 inaitwa ILCA, kwa kuwa ndizo zimejaa ufukweni. Mwenye boti nyingine atajipimia.

Jambo moja la lugha kabla hatujaanza. Joshini ni upande unakotoka upepo, demanini ni upande unakoelekea. Kamba ya demani ni ile inayovuta na kulegeza tanga. Na demani pia ni jina la majira yanayofuata kipupwe, lakini hayo hayatuhusu leo.

"Upepo ni mmoja, wenzangu wananiacha"

Hili ndilo lalamiko namba moja, na kwa sehemu kubwa chanzo chake ni kamba ya demani kukazwa mno. Mtu akiona boti haiendi, mkono wake unavuta. Upepo mwembamba hauna nguvu ya kuzunguka tanga lililobanwa. Unafika katikati ya kitambaa unaachana nacho, na tanga linabaki kama ukuta. Pima hivi: legeza kamba mpaka ukingo wa mbele wa tanga, ule wa mlingotini, uanze kutetemeka, kisha vuta kidogo tu utulie. Ishia hapo. Mwisho wa bumu (mti wa chini ya tanga) ukae juu ya pembe ya tezi (nyuma ya boti) au nje yake kidogo. Ukiuona umeingia ndani kuelekea katikati ya boti, umeshakaza kupita kiasi.

Kama tanga lako halina vijiuzi vya kuonyesha upepo, bandika leo. Uzi wa sufu unafaa. Utepe wa kaseti kuukuu unafaa zaidi, mwepesi na haushiki maji. Weka kimoja kila upande, karibu sentimita 30 kutoka mlingotini. Vyote viwili vikilala nyuma, uko sawa. Cha joshini kikirukaruka, umeelekea upepo mno. Cha demanini kikirukaruka, tanga limekazwa mno, legeza. Kwa upepo wa noti 4, kijiuzi hicho kitakwambia mapema kuliko shavu lako.

Sababu ya pili ni mahali ulipokaa. Tega sikio nyuma. Ukisikia maji yanagugumia kama mtungi unaomiminwa, tezi imezama na inakokota maji. Sogea mbele mpaka goti liguse mahali ulipo ubao wa kati (ule unaoshuka majini kuizuia boti isiteleze upande), kelele itakoma. Halafu ilaze boti kidogo demanini. Ikilala hivyo, sehemu ya boti inayogusa maji inapungua, na tanga linaanguka kwa uzito wake na kushika umbo bila kusubiri upepo ulijaze. Kidogo tu, jamani. Ukiona maji yanakaribia kuingia ndani, umeilaza kama unataka kulala wewe.

Ya tatu, mnatikisika. Kila ukihama ghafla, ukigeuka kumtazama jirani, ukivuta chupa ya maji, tanga linamwaga kile kidogo lilichokusanya. Nimewahi kumtazama kijana wa miaka kumi na tatu akiwapita watu wazima sita katika mguu mmoja wa kubisha, yaani kwenda kuelekea unakotoka upepo. Alichofanya ni kujikunja mbele kama paka juani na kushika kana (mpini wa usukani) kwa vidole viwili.

Hao watatu ndio wahalifu wa kila siku. Wakishatoka, angalia kamba ndogo. Ile inayovuta bumu chini iondolewe ulegevu tu, isikazwe. Ile inayokaza ukingo wa mbele iachiliwe kabisa. Mikunjo itakayotokea kando ya mlingoti haina neno. Ile ya ukingo wa chini iache nafasi ya upana wa kiganja kati ya kitambaa na bumu, pungufu kidogo upepo ukiwa karibu kufa. Wengi hulijaza tanga likawa tumbo la kenge wakidhani litabeba upepo zaidi. Kwa upepo wa kusuasua, tumbo kubwa linaushinda upepo kulizunguka.

Baada ya hapo ndipo uinamie chini ya boti. Pitisha kiganja kuanzia omo (mbele ya boti) hadi tezi. Boti iliyolala majini juma moja huwa na utelezi wa kijani, na kwa mwendo wa polepole utelezi huo ni breki. Sifongo na maji ya sabuni vinatosha, usiikwangue kwa chuma. Ukiwa mbioni, chungulia mara kwa mara kama kuna mwani umenasa kwenye ubao wa kati au usukani. Baada ya bamvua (siku za maji makuu) unaelea kila mahali, na jani moja tu linakula mwendo.

"Boti imekuwa nzito kuinua, na majini inazembea"

Ina maji ndani. Kabla ya kuita mtu, angalia nguruzi, kile kizibo cha tundu la kutolea maji. Nakwambia kwa sababu yamenikuta: asubuhi moja niliifunga boti vizuri, nikaisifu, nikaitia majini, na nguruzi ikiwa mfukoni mwangu. Nilifanya mzunguko mzima nikilaumu tanga. Boti tupu ya aina hii ina uzito wa karibu kilo 59, na kila lita inayoingia ni kilo nyingine. Tulipoiinua ufukweni watu wanne, ilituchukua dakika kumi kumwaga.

Kama nguruzi ipo na imekaza, tazama mpira wake. Ukipasuka au kukauka, badilisha. Ni kitu cha bei ndogo. Kisha kagua palipofungwa vyuma vya usukani huko tezi. Skrubu zikilegea maji hupenya humo. Zitoe, jaza gamu ya silikoni ya majini, rudisha.

Bado inavuja? Jaza maji safi kwenye tundu linalosimamisha mlingoti, weka alama kwa kalamu, ondoka kwa nusu saa. Maji yakishuka, tundu limepasuka chini. Hapo simama. Usiitie majini hata kwa mbio moja ya mwisho. Tundu hilo ndilo linalobeba mlingoti wote. Likiachia kwenye upepo wa kusi, mlingoti unaondoka na kipande cha sitaha, nawe uko nusu maili kutoka nchi kavu. Kazi hiyo ni ya fundi wa faiba anayejua kufungua sitaha, si ya gundi ya dukani.

Yakibaki palepale, tafuta ufa kwa povu la sabuni: paka povu kwenye maungo yote, puliza kwa mdomo kupitia tundu la nguruzi, angalia mapovu yanapotokea. Kwa mdomo, nimesema. Mtu mmoja alitumia pampu ya matairi, sitaha ikaachana na mwili wa boti mbele ya macho yake.

"Nabisha, lakini naenda upande kama kaa"

Kwanza, acha tamaa ya kuelekea boya moja kwa moja. Upepo ukiwa mwembamba, boti inayolazimishwa kuuchungulia upepo hupoteza mwendo. Ikipoteza mwendo, ubao wa kati hauna cha kushika, na boti inateleza demanini. Fungua omo kidogo kutoka kwenye upepo, legeza kamba, ipate mwendo, kisha ndipo uipandishe taratibu. Njia inaonekana ndefu zaidi na unafika mapema.

Pili, ubao wa kati umeshuka wote? Na usukani je? Usukani ulionyanyuka nusu, kana inakuwa nzito mkononi hata kama hakuna upepo.

Tatu, pengine huendi upande. Ni bahari inayokubeba. Wakati wa bamvua maji ya pwani hii hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kiasi hicho chote lazima kipite mahali. Chagua vitu viwili vya nchi kavu vilivyopangana, mnazi mbele na paa la jengo nyuma. Ukiona vinaachana ilhali omo yako haijageuka, ni mkondo. Dawa yake ni kujua saa za maji kabla ya kutoka: maji yakipwa kinyume chako, bisha kwenye kina kifupi kando ya ufukwe, ambako mkondo ni dhaifu. Maji yakikusaidia, nenda katikati penye kina. Wakati wa maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, usijisumbue nalo sana.

Tanga kuukuu liwe la mwisho kushutumiwa. Kweli, kitambaa kilicholainika kama kanga ya zamani hakishiki umbo. Lakini nimeona watu wakinunua tanga jipya na kubaki wa mwisho vilevile.

"Nikipindua, nakwama katikati"

Kupindua ni kuigeuza boti ili upepo uje upande wa pili. Sasa boti imetazama upepo uso kwa uso, tanga linapepea, wengine wanakuzunguka. Sababu ni mbili na mara nyingi huja pamoja: ulianza kupindua bila mwendo, na ulisukuma kana kwa nguvu. Usukani uliokatwa ghafla ni ubao uliosimama kwenye maji. Subiri boti iwe na mwendo, ilaze demanini iache igeuke yenyewe, fuatisha kana polepole, na tanga likishavuka ndipo uhamie upande mpya na kuinyoosha.

Umeshakwama? Usipige usukani kushoto kulia kama kasia. Sukuma bumu mbali nawe na kana mbali nawe, upande mmoja. Boti itarudi nyuma huku ikigeuka. Kisha vuta vyote viwili kwako, tanga lijae, uondoke.

Hapa kuna kesi inayoletwa kila msimu mezani kwa waamuzi. Kanuni ya 42 ya Kanuni za Mbio za Matanga inakataza kuisukuma boti kwa kupampu tanga, kuitikisa au kupiga usukani. Kuilaza na kuiinua wakati wa kupindua kunaruhusiwa, ila ukimaliza usiwe na mwendo mkubwa kuliko ambao ungekuwa nao kama usingepindua. Ukipindua mara tano mfululizo kwa kuwa tu kila mara inakupa msukumo, hiyo umeshaifanya kuwa injini.

"Honi ikilia, mimi niko mbali na mstari"

Ulienda kutembea. Bendera ya tahadhari hupanda dakika tano kabla, na kwa upepo wa noti 3 huwezi kwenda mita 200 ukarudi kwa wakati. Ukishaona bendera ya maandalizi, dakika nne kabla, kaa mahali unapoweza kufika mstarini kwa kunyoosha boti tu. Mkondo ukiwa unasukuma kuvuka mstari, jiweke nyuma zaidi. Anayevuka mapema kwa upepo huu akalazimika kurudi dhidi ya mkondo, mbio zake zimeishia hapo.

"Upepo ukiwa nyuma, bumu linarudi ndani"

Tanga halina upepo wa kulishika nje, basi wimbi dogo la boti ya uvuvi linalirudisha. Wengi hulishika bumu kwa mkono na kukaa hivyo mguu mzima wa mbio. Jaribu hivi kwanza: kaa mbele kabisa, ilaze boti upande wa bumu ili uzito wake wenyewe ulishike nje, na usiende upepo ukiwa nyuma kamili. Geuza omo nyuzi 15 au 20 pembeni ili hewa ipite juu ya tanga badala ya kuligonga mgongoni. Inua ubao wa kati zaidi ya nusu, ila usiuchomoe wote, utauhitaji boyani.

Na boyani kwenyewe, acha nafasi upande mkondo unakotoka. Ukiligusa boya, adhabu ni mzunguko mmoja, kupindua kwa omo mara moja na kwa tezi mara moja. Upepo ukiwa mzuri hiyo ni kazi ya nusu dakika. Asubuhi ya umande unaweza kumaliza mzunguko ukakuta mkondo umekurudisha juu ya boya lilelile. Nimeliona hilo, na tulicheka, tusamehewe.

Wapo watakaouliza mbona ngalawa za wavuvi zinapita zikituacha upepo huohuo. Tazama foromali yao, ule mti unaobeba tanga, ilivyopanda. Juu kuna upepo zaidi kuliko kwenye uso wa maji, na tanga lao linaufikia. Nao wanajua kutulia. Sijamwona mvuvi akivuta demani kwa hasira.

"Upepo umekufa, narudi nyuma"

Tupa nanga. Wengi hawajui kama inaruhusiwa: kanuni ya 45 inakuachia kutia nanga wakati wa mbio, na hata kusimama chini kwa miguu pakiwa na kina kifupi, ili mradi nanga uing'oe kabla ya kuendelea. Nanga ndogo ya kilo moja na nusu na kamba nyembamba ya mita 20 vinakaa kwenye boti bila kusumbua. Ishushe kimya kimya upande jirani asikouona. Wakigundua kuwa wao wanarudi na wewe umesimama, umeshawapita watatu.

Lakini si kila mahali. Ndani ya njia ya meli hakuna nanga na hakuna mbio. Mlango wa bandari ya Dar es Salaam, Kilindini kule Mombasa, mapito ya vivuko vya Kigamboni na Likoni: meli humo haina pa kukukwepea, na sheria za kimataifa za kuzuia migongano zinakutaka wewe mwenye tanga usiizuie. Ukiona mkondo unakupeleka huko na upepo haupo, usisubiri muujiza. Toa kasia, na kama haitoshi ita boti ya uokoaji kwa redio au simu ungali mbali. Kujitoa kwenye mbio ni pointi chache tu. Ukiwa na mtoto ndani, au mtu aliyeanza kuumwa kichwa na kuishiwa jasho kwa jua, ita papo hapo hata kama uko wa kwanza.

"Palikuwa shwari, ghafla nimepinduka"

Kusi imefika nawe bado umefunga boti ya umande. Dalili huwa zipo: umande unakata kabisa, bahari inakuwa kioo, kisha huko nje upande wa kisiwa cha Bongoyo unaona mstari mweusi juu ya maji. Hiyo ni kusi inakuja. Una dakika chache. Kaza kamba inayovuta bumu chini, kaza ukingo wa chini wa tanga, shusha ubao wa kati wote, funga jaketi la kujiokolea ambalo ulilifungua kwa joto. Wanaokwenda nje kuifuata huipata kwanza. Waliojibanza chini ya majengo ya rasi ya Msasani hupata vipande vyake, mara huku mara kule, na hivyo ndivyo vinavyopindua.

Ukipinduka, usiiache boti hata kama ufukwe unauona karibu. Panda juu ya ubao wa kati, inyanyue taratibu. Ukijaribu mara tatu ikashindikana, nguvu zako zimeshapungua kuliko unavyodhani. Nyoosha mikono yote miwili pembeni, ipandishe na kuishusha polepole. Hiyo ni ishara ya kuomba msaada inayojulikana bahari zote. Mwenye redio ya VHF atumie chaneli 16.

Mlingoti ukipinda, usiunyooshe kwenye mnazi kama nilivyokuta wanafanya juzi. Alumini ikishajikunja inabaki na jeraha, na siku ya pili inakatika palepale. Ulete ulivyo. Na wakati wa kuubeba kutoka ufukweni, ulaze. Nyaya za umeme kwenye njia ya kuingilia ziko chini kuliko zinavyoonekana.